Karatasi Mbili za Mtoto Aendaye Chuoni

Kila mwaka, mahindi yakiisha kupukuchuliwa na kutiwa magunia, ofisi ya parokia yetu huanza kupata wageni wa namna moja. Ni baba au mama, pamoja na kijana wake aliyefaulu mtihani wa kidato cha sita. Huja wamevaa nguo za Jumapili, na mkononi wamebeba bahasha ya kaki. Tukiisha kuamkiana Tumsifu Yesu Kristo, bahasha hufunguliwa na karatasi kuwekwa mezani. "Mwalimu," huniambia, maana wajua ya kuwa nilisomea ualimu kabla ya kushika kazi ya ukarani, "hebu tusomee hizi. Kusoma tumesoma, lakini hatukuelewa."

Basi, nimeona yafaa niyaandike hapa yale niyasemayo ofisini, ili hata ninyi mkaao mbali mpate kuyasoma nyumbani, mzazi na mtoto pamoja. Naandika kwa sababu nyingine pia. Siku moja mimi mwenyewe niliisoma vibaya bahasha ya namna hiyo, na mtu mwingine akalipa gharama ya kosa langu. Nitaeleza.

Wala si ajabu wazazi wakashindwa kuelewa. Tangu mwaka 2016 shule za serikali Tanzania Bara hazidai ada mpaka kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita nayo imeondolewa. Ni neema kubwa, na wengi wamesoma kwa ajili yake. Lakini mzazi aliyemlea mtoto katika miaka hii amezoea kununua madaftari na sare na kutoa mchango wa chakula. Ankara yenye mistari saba au minane hakuizoea. Halafu mtoto apata nafasi chuo kikuu, na karatasi ya kwanza afikayo nayo nyumbani yadai zaidi ya shilingi milioni moja. Wengine huogopa mno wakamwambia mtoto akae nyumbani. Wengine husikia neno "mkopo" wakalala usingizi. Wote wawili wamekosea.

KOSA LANGU

Miaka kadha iliyopita alikuja ofisini mzee mmoja wa kigango cha jirani, mkulima wa mahindi na alizeti. Mwanawe wa kwanza alikuwa amepata chuo, tena amepata mkopo wa serikali. Mzee alikuwa na karatasi mbili. Moja ilitoka chuoni, ya madai. Ya pili ilikuwa ya mkopo, kijana ameichapisha mjini. Akaniambia, "Mwalimu, nina swali moja tu. Niuze magunia, nisiuze?"

Nilichukua karatasi ya kwanza, nikatazama chini kwenye jumla. Nikachukua ya pili, nikatazama chini kwenye jumla. Jumla ya mkopo ilikuwa kubwa kuliko jumla ya madai. Nikamjibu kwa uhodari, "Mzee wangu, usiuze. Mkopo umepita madai. Mtoto atabaki hata na akiba."

Mzee alinishukuru sana. Bei ya mahindi ilipopanda akayauza, akanunua mabati, akaezeka nyumba aliyokuwa akiijenga miaka mingi.

Mwezi wa Februari kijana alizuiwa kufanya mitihani kwa sababu ada haikukamilika. Hakutuambia. Alikuwa amesikia kwa baba yake ya kuwa karani wa parokia amesema fedha zatosha, naye akadhani kosa ni lake. Akaanza kulipa deni la chuo kidogo kidogo kwa fedha zake za chakula, akawa anakula mara moja kwa siku. Alipokuja nyumbani kwa Pasaka, mama yake ndiye aliyemtazama kwanza, akajua.

Mzee alinijia Jumatatu ya Pasaka. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, uliniambia nisiuze." Neno hilo lilinichoma kuliko matusi. Tukazitandaza tena karatasi zile mbili, safari hii tukazisoma mstari kwa mstari, nikaona mahali nilipopotea.

JUMLA YA CHINI HUDANGANYA

Hesabu za mzee yule ni siri ya nyumba yake, sitazitaja. Nitatumia hesabu ya mfano, nanyi mkipata karatasi zenu wekeni hesabu zenu wenyewe, kwa kuwa kila chuo kina ada yake na kila mwanafunzi ana mkopo wake.

Tuseme karatasi ya chuo yadai hivi kwa mwaka mmoja: ada ya masomo shilingi 1,300,000, usajili na kitambulisho 30,000, mitihani 60,000, mchango wa uhakiki wa ubora uendao kwa Tume ya Vyuo Vikuu 20,000, serikali ya wanafunzi 10,000, bima ya afya 50,400, kitanda bwenini 200,000. Jumla ni shilingi 1,670,400.

Tuseme tena karatasi ya mkopo yaonyesha hivi: ada ya masomo 780,000, chakula na malazi 1,680,000, vitabu na viandikio 200,000. Jumla ni shilingi 2,660,000.

Mtu mwenye haraka atatoa hesabu ya kwanza katika ya pili, na kuona imebaki karibu shilingi milioni moja. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi. Lakini fedha hizi hazikai katika mfuko mmoja. Zile 780,000 za ada zaenda moja kwa moja chuoni, wala mwanafunzi hazishiki. Zile 1,680,000 za chakula na malazi zaingia katika akaunti ya mwanafunzi, tena si kwa siku moja. Zagawanywa kwa mafungu katika mwaka mzima wa masomo. Hizi ndizo vijana waziitazo "bumu". Ni ugali wake, maharage yake, sabuni yake na nauli yake. Ukizihesabu kuwa ni ada, umemnyima mtoto chakula. Na zile za vitabu ni za vitabu na madaftari.

Sasa tusome mstari kwa mstari. Chuo chadai ada 1,300,000, na mkopo watoa 780,000. Pengo ni 520,000. Usajili, mitihani, uhakiki wa ubora, serikali ya wanafunzi na bima ni jumla ya 170,400, na katika karatasi ya mkopo hakuna mstari wa vitu hivyo. Kitanda cha 200,000 chaweza kulipwa kwa fedha za malazi, maana ndiyo kazi yake, lakini fungu la kwanza huenda lisiwe limefika siku ya kudaiwa kitanda. Basi, nyumbani wanadaiwa 520,000 na 170,400, yaani shilingi 690,400 kwa mwaka. Karatasi ile ile iliyoonyesha ziada ya karibu milioni ilikuwa imeficha deni la karibu laki saba.

Ndiyo sababu nasema jumla ya chini hudanganya. Chukueni daftari, pigeni mistari ya kusimama mitatu. Katika safu ya kwanza andikeni jambo lidaiwalo. Katika safu ya pili, kiasi kidaiwacho. Katika safu ya tatu, nani alipa: mkopo au nyumbani. Kila mstari wa karatasi ya chuo upate mlipaji wake. Ule usio na mlipaji ni wenu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa kinachoweza kupotea ni masomo ya mtoto.

MKOPO WATOKA WAPI

Katika Tanzania mikopo hii hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Huwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu vya serikali, na pia wa vyuo visivyo vya serikali vinavyotambuliwa, vikiwamo vya Kanisa. Nilipokuwa mimi chuo cha ualimu, sisi wa stashahada hatukuwa na mkopo huo. Baba yangu alilipa kwa jasho lake. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 hata baadhi ya wanafunzi wa stashahada wameanza kukopeshwa, katika fani zilizochaguliwa. Tena tangu mwaka 2022 pako ufadhili uitwao Samia Scholarship, kwa wanafunzi wa sayansi waliofaulu kwa daraja la juu kabisa katika kidato cha sita. Huo haurudishwi, lakini waupatao ni wachache.

Kuomba mkopo hufanywa kwa intaneti, na dirisha la maombi hufunguliwa kwa majuma machache tu katikati ya mwaka. Likiisha kufungwa limefungwa. Kwa hiyo karatasi za maombi zianze kutafutwa mapema, hata kabla matokeo ya mtihani hayajatoka. Cheti cha kuzaliwa chapasa kuhakikiwa na RITA, na wa Zanzibar kwa ofisi yao ya usajili. Aliyefiwa na mzazi aonyeshe cheti cha kifo, nacho kihakikiwe vile vile. Nyumba iliyomo katika mpango wa TASAF isisahau namba yake. Fomu yatiwa sahihi na serikali ya kijiji au ya mtaa, yapitishwa mbele ya hakimu au kamishna wa viapo, na pawe na mdhamini.

Hapa wengi hunijia wakitaka barua ya Padre. Barua ya Padre ni njema, lakini haishiki mahali pa sahihi ya kijiji. Cheti cha ubatizo nacho ni hati takatifu, ila hakishiki mahali pa cheti cha kuzaliwa. Kama mtoto wenu hana cheti cha kuzaliwa, anzeni kukitafuta akiwa bado shuleni, msingoje mpaka mwezi wa Agosti wa mwaka anaohitaji mkopo.

Tazameni na majina. Kijana atumie jina lile lile na namba ile ile ya mtihani wa kidato cha nne alivyotumia kuomba chuo. Shuleni aitwa hivi, katika cheti cha kuzaliwa hivi, chuoni tena vingine: hapo ndipo maombi hukwama.

UONGO KATIKA FOMU

Hapa nina neno zito, nanyi mnistahimilie. Bodi hutoa mkopo kwa kupima uhitaji. Mwenye shida zaidi hupewa zaidi. Kwa sababu hiyo pako majaribu ya kujifanya maskini kuliko ulivyo. Nimepata kuombwa nishuhudie ya kuwa baba wa mtoto amefariki, hali nilimwona baba huyo kanisani Jumapili iliyopita akiimba. Nimesikia ya wengine wanaoficha gari la abiria, duka, au mshahara wa mama.

Amri ya nane yatosha kutukataza, lakini tuongeze na hili. Fedha za mkopo zina kiasi, hazitoki kisimani. Kila shilingi iliyochukuliwa kwa uongo imetoka katika sahani ya yatima wa kweli wa kijiji kingine. Na mtoto uliyemfundisha kumzika baba yake kwa karatasi, umemfundisha nini juu ya heshima? Semeni kweli yote. Lakini semeni yote: wako na wazazi wenye haya, ambao huona aibu kuandika ya kuwa wanaishi kwa vibarua, wakajiandikia kazi ya heshima, na mtoto akapata kidogo. Haya hiyo nayo si kweli. Umaskini si dhambi, basi uandikeni ulivyo.

SIKU YA KUFIKA CHUONI

Majina ya waliopata mkopo hutolewa kwa awamu. Jina lisipoonekana katika awamu ya kwanza, mtu asikate tamaa, bali aendelee kutazama katika akaunti yake ya maombi. Asiyepata kabisa, au aliyepata kidogo kuliko hali ya nyumba yake, ana haki ya kukata rufaa dirisha la rufaa likifunguliwa, akitoa vielelezo. Rufaa ya maneno matupu haina nguvu. Yenye cheti kilichokosekana mara ya kwanza ina nguvu.

Kijana akiondoka nyumbani awe na fedha taslimu ya kumtosha nauli, usajili, na chakula cha majuma kadha. Bumu halimngojei mlangoni. Kwa kawaida apasa kusajiliwa kwanza, taarifa zake za benki ziwe sahihi, kisha athibitishe mwenyewe kupokea fedha hizo kwa utaratibu wa chuo chake. Hili la kuthibitisha, ambalo vijana huita "kusaini", wengi hulipuuza. Fedha isiyothibitishwa hurudi ilikotoka. Hata ile ya ada, iendayo chuoni moja kwa moja, yahitaji sahihi yake. Kijana mmoja aweza kuwa na mkopo mzuri, akadaiwa ada yote, kwa sababu tu hakwenda kusaini siku iliyotangazwa.

Malipo yatokayo nyumbani yafanywe kwa namba ya malipo aliyopewa mwanafunzi, ile wengi waiitayo kontroo namba. Ukiitia katika simu au ukiipeleka benki, kabla ya kulipa utaonyeshwa malipo yaenda wapi. Soma kwanza, ndipo ulipe. Usipeleke kamwe ada katika namba ya simu ya mtu binafsi, hata akijiita mhasibu, hata akilia. Wako matapeli ambao husubiri msimu huu, wakawapigia simu wazazi na kusema, "Jina la mtoto wako limekwama, tuma kidogo tulikwamue." Jibu lao ni moja: kata simu, mpigie mtoto wako.

Kila stakabadhi itunzwe. Ujumbe wa simu usifutwe, tena uandikwe katika daftari: tarehe, kiasi, namba. Vitabu vya chuo vikikosea, naye mwanafunzi hana ushahidi, maneno yake hayatashinda kitabu.

FEDHA ZIKIPUNGUA

Haya, mmepiga hesabu na pengo ni kubwa kuliko uwezo. Mfanye nini?

Kwanza, msinyamaze. Vyuo vingi hukubali ada ilipwe kwa mafungu, nusu muhula wa kwanza na nusu wa pili, na vingine hukubali mafungu madogo zaidi mtu akiomba kwa barua kabla ya siku ya mwisho. Nasema kabla. Mwenye kuomba mwezi wa Novemba husikilizwa. Mwenye kuja siku ya mtihani akilia, mara nyingi mlango umefungwa. Kijana aende kwa mhasibu aulize maneno manne: Nadaiwa kiasi gani leo? Mkopo wangu umeingia kiasi gani? Siku ya mwisho ya kulipa ni lini? Nisipoweza, niandike barua kwa nani? Na akiona shida imemzidi aende kwa mshauri wa wanafunzi. Kazi yake ni hiyo.

Pili, hesabu igawanywe kwa miezi na kwa mavuno. Zile 690,400 za mfano wetu zikigawanywa kwa mihula miwili ni 345,200 kila muhula. Kwa mkulima hesabu hiyo ina sura nyingine: ni magunia kadha yasiyouzwa Julai bei ikiwa chini, yakangoja. Lakini asiyajua mapema madai huuza yote wakati wa mavuno, au huyala, au, kama mzee wangu, huyageuza mabati.

Tatu, ukoo na jumuiya. Sisi hutoa mchango wa harusi bila kuulizwa mara mbili. Jumuiya ndogo ndogo yenye nyumba kumi na tano, kila nyumba ikitoa shilingi elfu tano kwa mwezi, kwa miezi minne yapata laki tatu. Lakini jumuiya isifichwe hesabu. Mwonyesheni mwenyekiti wenu daftari lile la safu tatu. Watu hutoa kwa moyo wakijua wanajaza shimo lenye kina gani.

Nne, jihadharini na mkopeshaji wa haraka mwenye riba ya kila mwezi, ambaye achukua kadi ya benki au hati ya shamba. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Afadhali mtoto aombe kuahirisha mwaka kwa utaratibu wa chuo, naye aijulishe Bodi, kuliko nyumba kupoteza shamba.

MKOPO NI DENI

Mwisho, neno "mkopo" maana yake ni mkopo. Wako vijana waliolichukua kama zawadi ya serikali, wakashangaa mshahara wa kwanza umekatwa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 atakatwa 120,000. Zamani deni lilikuwa likiongezeka kwa asilimia 6 kila mwaka ili kulinda thamani ya fedha, na mchelewaji alitozwa faini. Mambo hayo mawili yaliondolewa mwaka 2021. Ni nafuu kubwa, lakini deni lenyewe liko pale pale. Hata asiyeajiriwa, mwenye biashara au shamba lake, apasa kulipa.

Kwa hiyo kijana asiombe fedha asizohitaji, wala asilichukue fungu la kwanza la bumu akanunua simu kubwa. Anajilisha leo kwa mshahara wake wa kesho. Naye mdhamini, awe mjomba au mwalimu, asome anachotilia sahihi. Kurudisha ni wajibu wa haki, maana fedha anayorudisha mmoja ndiyo anayokopeshwa mwingine. Pengine itamwangukia mtoto wa dada yake mwenyewe.

Twakumbuka katika Injili ya Luka Bwana wetu alivyosema juu ya mtu atakaye kujenga mnara, ya kuwa hukaa kwanza akapima gharama, asije akaweka msingi tu na watu wakamcheka. Nimelisikia somo hilo likisomwa kanisani mara nyingi. Tangu siku ile ya Pasaka silisikii tena bila kuiona nyumba ya mzee wangu.

Maana aliuza mabati. Alipanda juu mwenyewe na mwanawe mdogo, wakayang'oa ya upande mmoja, akayauza kwa bei ya hasara, akakamilisha ada. Kijana akaruhusiwa kuifanya mitihani ile baadaye, akafaulu, akamaliza. Leo ana kazi, naye akatwa asilimia zake 15. Bado nyumba ina bati upande mmoja na nyasi upande wa pili. Mzee asema nyasi zina ubaridi mzuri mchana, nami najua asema hivyo kwa ajili yangu.

Mwaka jana binti yake naye alipata chuo. Walikuja ofisini wote watatu, baba, mama na binti, na bahasha ya kaki. Nikanyosha mkono nizipokee karatasi. Binti akazizuia kidogo, akatoa kwanza daftari. Lilikuwa na safu tatu, kila mstari una mlipaji wake, na chini, kwa wino mwekundu, magunia kumi na mawili: sita ya Oktoba, sita ya Februari.

"Hatukuja kuuliza, mwalimu," mzee akasema. "Tumekuja utukagulie tu."

Nilikagua mara mbili. Hesabu ilikuwa sawa.